Gari la Kale Hukaguliwa kwa Kuinama

Askari aliyelitumikia taifa lake miaka ishirini, kisha akapokea kiinua mgongo chake, aghalabu huwa na mambo matatu moyoni: nyumba, shamba na gari. Nyumba hujengwa kwa mashauri ya ukoo mzima. Shamba hupimwa kwa hatua, mbele ya mashahidi. Lakini gari, na hasa gari la kale lenye injini kubwa na sauti nene, mara nyingi hununuliwa mchana mmoja, kwa jicho moja, na kwa maneno ya mwuzaji peke yake. Ndiyo sababu tumeona yafaa kueleza hapa jinsi gari la namna hiyo linavyokaguliwa kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Tunaandika tukiwa na Butare mbele ya macho yetu. Tuna maana ya Butare ya Wilaya ya Rusizi, katika nchi iliyokuwa mkoa wa Cyangugu, wala si ule mji wa chuo kikuu ambao tangu mabadiliko ya mwaka 2006 huitwa Huye. Butare hii ni nchi ya vilima. Chini yake, upande wa Mto Rusizi, uko uwanda wa Bugarama, wenye joto na mashamba ya mpunga, ulio sehemu ya chini kabisa ya Rwanda. Kongo na Burundi ni majirani wa karibu. Mahali pa namna hii gari bovu halimsumbui mwenyewe tu, humwua. Tena mahali penye mipaka miwili, gari lisilojulikana asili yake laweza kumfikisha askari mbele ya mahakama aliyozoea kuwapeleka wengine.

MAGARI YENYEWE NI YAPI?

Katika miaka ya 1960 Wamarekani walianza kuchukua injini kubwa, zenye silinda nane, na kuzitia katika magari ya kiasi ambayo hayakukusudiwa nguvu hizo. Wakayaita magari ya msuli. Wengi huhesabu mwanzo wake kuwa ni Pontiac GTO ya mwaka 1964, iliyokuwa na injini ya lita zipatazo 6.4. Mwezi Aprili mwaka huohuo ikatoka Ford Mustang, na baada yake Dodge Charger, Chevrolet Camaro na nyingine nyingi. Zama hizo hazikudumu. Gharama za bima, sheria za moshi, na hatimaye msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973, vilizimaliza.

Katika nchi za Maziwa Makuu magari hayo ni machache mno. Magari ya kale yanayotamaniwa hapa kwetu ni ya jamii nyingine: Toyota Land Cruiser ya namba 40, iliyoundwa tangu mwaka 1960 hadi 1984, Range Rover ya silinda nane, iliyotoka mwaka 1970 ikiwa na injini ya lita 3.5, Land Rover ambazo askari wengi wamepanda migongoni mwake, na Peugeot 504, iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1975 na tena 1978. Hata hivyo sheria ya ukaguzi ni moja. Awe mtu ananunua Mustang iliyovuka bahari au Land Cruiser iliyolala nyuma ya ghala, maswali ni yaleyale na utaratibu ni uleule.

FUNDISHO LA SAFARI

Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki yametufundisha kwamba nguvu peke yake haifiki mbali. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza saba tu. Mshindi hakuwa gari lenye mngurumo mkubwa bali Peugeot 404. Mwaka 1964 kampuni ya Ford ilileta kutoka Marekani kikosi cha magari ya Mercury Comet yenye silinda nane. Mengi ya magari hayo hayakufika mwisho, na ushindi ukaenda kwa Ford Cortina ndogo iliyoendeshwa na Peter Hughes.

Mwaka uliofuata likatokea jambo ambalo kila mnunuzi wa gari kuukuu anapaswa kulikumbuka. Joginder Singh wa Kenya, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda Safari ya 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Magari mapya ya viwandani yalibaki nyuma ya gari la mkono wa pili. Lakini tusisahau kwamba Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva mashuhuri. Gari kuukuu mikononi mwa mtu anayelifahamu ni mali. Gari hilohilo mikononi mwa mtu asiyelifahamu ni deni lenye magurudumu manne.

NAMBARI KWANZA

Ndugu askari, ukaguzi usianzie kwenye injini. Uanzie kwenye nambari, kwa kuwa kasoro ya injini hutengenezwa, lakini kasoro ya asili haitengenezwi.

Chukua kadi ya gari uisome kwa utulivu: jina la mwenye gari, nambari ya fremu, nambari ya injini, mwaka na rangi. Kisha itafute nambari ya fremu katika chuma chenyewe. Usitosheke na kibati kilichopigiliwa misumari, kwa maana kibati huhamishika. Nambari iliyogongwa kiwandani huwa na herufi zilizolingana kimo na kina. Ukiona chuma kimesuguliwa kikawa laini kuliko jirani yake, au herufi moja imeinama kama mlevi, au kuna alama ya kulehemu kuzunguka mahali pale, simama hapo. Hakuna punguzo la bei linaloweza kuliponya gari la wizi.

Kuna jambo jingine ambalo hata polisi wazoefu hulisahau. Nambari ya fremu yenye tarakimu na herufi 17, tuliyoizoea leo, ilifanywa kuwa ya lazima huko Marekani kuanzia magari ya mwaka 1981. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na mtindo wake, na nambari zilikuwa fupi zaidi. Kwa hiyo mtu akikuletea gari analosema ni la mwaka 1968 likiwa na nambari ya tarakimu 17, gari na maelezo yake havipatani.

Kwa magari ya Marekani kuna udanganyifu wa namna ya pili. Bodi ya gari la kawaida huvalishwa alama za gari lenye nguvu, likauzwa kwa bei ya lile la thamani. Pontiac GTO za miaka miwili ya kwanza zilikuwa ni Pontiac LeMans zilizoongezewa vifaa, na nambari ya fremu peke yake haiwezi kuzitofautisha. Mwenye kudai bei ya GTO hana budi kuleta karatasi za kiwandani zinazoeleza gari hilo lilitoka na injini gani na gia gani. Asipokuwa nazo, alipwe bei ya LeMans.

Kadhalika, ulizeni gari limeingiaje. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyopita umri wa miaka minane, na Uganda tangu mwaka 2018 imeyafungia mlango yaliyotimiza miaka kumi na mitano. Basi mtu anayesema gari lake la miaka ya 1960 lilipita huko juzi tu, aonyeshe vibali vyake vya forodha. Hapa Rwanda gari hupita kulia mwa barabara, na usukani hutakiwa kuwa kushoto, jambo linaloyafaa magari ya Marekani. Lakini Peugeot nyingi za Kenya zina usukani kulia, na kuuhamisha ni kazi kubwa. Ukikuta usukani uliohamishwa, chunguza kwa makini sana viungo vyake. Ukiwa na shaka yoyote juu ya asili ya gari, fuata njia za kazi: polisi wa nchi zetu wanaweza kuuliza katika orodha ya Interpol ya magari yaliyoibwa.

FREMU NA KUTU

Sasa tuiname. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Rangi mpya juu ya gari la miaka hamsini ni shahidi wa kutiliwa shaka mpaka athibitishwe.

Vifaa vya ukaguzi si vya gharama: tochi, turubai la kulalia, bisibisi kuukuu, na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa isije ikakwaruza rangi. Pitisha sumaku pole pole sehemu za chini za milango, juu ya magurudumu na pembezoni mwa vioo. Pale inapokataa kunasa, chuma kimekwisha na puti imechukua nafasi yake. Lakini ujue kwamba katika Land Rover na Range Rover sehemu kubwa ya bodi ni alumini, na sumaku hainasi hata pakiwa pazima. Tena alumini hiyo hudanganya: yenyewe hubaki nzuri huku chuma kilicho ndani yake kikiliwa.

Kisha ingia chini ya gari, likiwa limesimamishwa juu ya stendi madhubuti. Jeki peke yake haiaminiki hata siku moja. Gonga fremu kwa mpini wa bisibisi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kavu; chuma kilichooza hutoa sauti ya boga. Angalia mahali springi zinaposhikia, mahali kisanduku cha usukani kilipofungwa, na viunga vya nyuma. Ukikuta kiraka kimelehemiwa juu ya kiraka, tambua kwamba gari hilo limekwisha kufanyiwa matanga mara mbili.

Ford Mustang na Peugeot 504 ya saluni hazina fremu ya peke yake; bodi ndiyo fremu. Kwa hiyo kutu ya sakafu katika magari hayo si aibu ya macho, ni udhaifu wa mifupa. Mustang za zamani zina ugonjwa unaojulikana: maji huingia kwenye matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele na kuoza humo bila kuonekana. Mimina ndoo ya maji hapo, kisha inua zulia la ndani. Sakafu ikilowa, kazi iliyoko mbele ni ya fundi bodi mwenye subira nyingi na mwenye gari mwenye fedha nyingi.

Gari lililoishi Mombasa au Dar es Salaam limevuta hewa ya chumvi miaka yote hiyo. Hilo si kosa lake, lakini likaguliwe mara mbili.

INJINI: IKUTE IKIWA IMELALA

Mwambie mwuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Ufikapo, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ina joto, uliza kwa nini, kwani injini yenye maradhi huficha mengi ikiwa imepashwa.

Fungua kifuniko cha rejeta wakati injini ni baridi. Maji yakiwa na utando wa mafuta, au oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, gasketi au silinda hedi imeharibika. Kisha washa, na mwenzako asimame nyuma autazame moshi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Ukitoka wakati wa kuwasha tu, au pale mguu unapoachia mafuta, shaka iko kwenye valvu. Ukizidi gari linapovuta mzigo, shaka iko kwenye ringi za pistoni. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia ndani ya silinda. Moshi mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi.

Juu ya moshi mweusi tuna neno la nyongeza kwa watu wa Rusizi. Injini za kabureta hupimiwa hewa ya mahali zinapokaa. Hewa hupungua uzito kadiri nchi inavyopanda, na kwa kila mita elfu moja injini hupoteza takriban sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Gari lililorekebishwa pwani litatoa moshi mweusi na kuchoka likifika Kamembe, na litachoka zaidi likipanda msitu wa Nyungwe, ambako barabara hupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hilo si ugonjwa. Fundi kabureta hulimaliza. Mnunuzi mwerevu hulitambua, akanyamaza, akalitumia katika kupatana bei.

Jambo jingine ni petroli yenyewe. Injini nyingi za miaka ya 1960 ziliundwa kwa petroli iliyotiwa risasi, ambayo ilikuwa kinga ya viti vya valvu. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilipatana huko Dakar mwaka 2001 kuiacha, nazo zikaiacha kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, kwa kuwa risasi hiyo ilikuwa ikidhuru akili za watoto. Basi uliza kama silinda hedi imekwisha kutiwa viti vya valvu vya chuma kigumu. Kama bado, gari likifanyishwa kazi nzito viti vitaliwa, na gharama hiyo ihesabiwe leo.

Mwisho, mwombe fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Tarakimu zenyewe hutofautiana kwa injini, lakini silinda dhaifu kuliko zote isipungue robo tatu ya ile yenye nguvu kuliko zote.

BREKI NA MTEREMKO

Butare haina haja ya uwanja wa majaribio. Vilima vyake vyatosha. Lakini kabla ya kushuka, kanyaga breki gari likiwa limesimama, ushikilie kwa nguvu mpaka uhesabu sitini. Pedali ikizama pole pole, usiliondoe gari hilo mahali pake.

Magari mengi ya Marekani ya miaka hiyo yalitoka kiwandani na breki za ngoma katika magurudumu yote manne. Breki hizo zikishikwa mfululizo kwenye mteremko mrefu hupata moto na kupoteza nguvu. Lililo baya zaidi, yale yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1967 aghalabu yana masta silinda ya njia moja: bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hukosa breki kwa mara moja. Gari la namna hiyo likija katika vilima vyetu, libadilishiwe masta silinda ya njia mbili kabla halijabeba mtoto wa mtu. Huku si kuharibu historia ya gari. Ni kuhifadhi roho za watu.

Katika kuliendesha, usiridhike na mwendo wa kuzunguka soko. Lipande mlima kwa nusu saa. Tazama geji ya joto. Tia gia kubwa katika mwendo mdogo ukanyage mafuta: injini ikikimbia bila gari kuongeza mwendo, klachi imekwisha. Ukishuka, achia mafuta ghafla. Gia ikijitoa yenyewe, giaboksi imechakaa. Sikiliza difu kama inaimba. Halafu zima injini ikiwa na moto, ngoja dakika kumi, uwashe tena. Gari linaloamka vizuri asubuhi lakini likagoma mchana katika joto la Bugarama lina tatizo ambalo mwuzaji alilijua.

HESABU YA MWISHO

Ukimaliza, keti uandike kasoro zote katika safu tatu. Safu ya kwanza ni zile za kutengenezwa kabla ya kuendesha: breki, matairi, usukani. Ya pili ni zile zinazoweza kungoja mwaka: rangi, viti, kabureta. Ya tatu ni zile zisizotengenezeka: nambari iliyochezewa, fremu iliyooza, karatasi zisizopatana na gari. Gharama za safu mbili za kwanza ziondolewe katika bei. Safu ya tatu ikiwa na neno hata moja, rudi nyumbani, hata kama bei ni ya kutupa.

Uhesabiwe pia mkate wa gari. Injini ya silinda nane ya lita sita kula lita 20 za petroli kwa kilometa 100 si jambo la ajabu. Kutoka Kamembe hadi Kigali ni zaidi ya kilometa 200. Basi lita 40 ni za kwenda tu. Vipuri vya Mustang bado vinatengenezwa kwa wingi huko Marekani, lakini hushukia Mombasa au Dar es Salaam na kusafiri nchi kavu zaidi ya kilometa elfu moja. Vya Land Cruiser na Peugeot, fundi wa karibu huenda anavyo rafuni. Mtu mwenye mkopo wa kulipa Zigama CSS kila mwezi na alinganishe mambo haya kabla ya kutia sahihi.

Hatusemi kwamba askari asinunue gari la kale. Gari zima la miaka ile ni kazi ya mikono iliyotukuka, na kulitunza ni sifa kwa mwenye kulitunza. Tunalosema ni kwamba askari amefundishwa asiipokee bunduki bila kuisoma nambari yake, kuifungua na kuitazama ndani ya mtutu. Polisi amefundishwa asiamini maneno ya mtu kabla ya kuona karatasi. Mafunzo hayo yasivuliwe pamoja na sare. Siku ya kununua gari, mwuzaji atasimama mbele ya boneti akisifu mngurumo. Mwache asifu. Wewe tandika turubai, shika tochi, uiname.